Viwanda, Sayansi na Ushindani wa Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mjadala wa viwanda unapoanza, kijiweni, darasani au bungeni. Majibu yanahusu Tanzania zaidi, na nchi nyingine zinaingia pale zinapotufundisha kitu. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Msomaji anaelekezwa kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Uwezo wa taifa wa kisayansi ni nini hasa? Si ndiyo idadi ya wasomi tulionao?

Idadi ya wasomi ni sehemu ndogo tu. Chukua gia moja ya mashine ya kusokota nyuzi. Meno yamevunjika, mashine imesimama, zamu nzima imekaa. Nani ataipima gia ile kwa usahihi wa sehemu ya mia ya milimita? Nani atatambua ni chuma cha aina gani? Nani ataikereza, kisha aipashe moto na kuizimisha kwenye mafuta ili meno yawe magumu bila kukatika ovyo? Nani atathibitisha kwamba mpya inalingana na ya zamani?

Nchi yenye watu hao, karakana zao, na maabara ya ugezi inayohakiki vipimo vyao, ina uwezo wa kisayansi hata kama haijawahi kurusha setilaiti. Isiyo nao itaagiza gia ng'ambo na kusubiri miezi. Ikikosa dola, itasubiri mwaka.

Kuna ngazi nne: kutumia mtambo, kuutunza, kuurekebisha ufae mazingira yetu, na kusanifu mwingine. Sisi tulinunua mitambo mingi tukaishia ngazi ya kwanza. Msimamo wa ukurasa huu wote ni kwamba viwanda vyetu vingi vilianguka kwenye ngazi ya pili, na hapo ndipo ujenzi mpya unapaswa kuanzia.

2. Ni kweli Tanzania ilikuwa na viwanda vingi kuliko leo?

Kwa idadi, hapana. Ukihesabu mashine za kukoboa, mabekari na karakana za kuchomelea milango, leo vipo vingi zaidi. Kilichopungua ni aina za vitu ambavyo nchi iliweza kutengeneza. Mtu aliyeishi miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 alikuta matairi ya General Tyre kutoka Arusha, viberiti vya Kibo kutoka Moshi, redio na betri za National kutoka Dar es Salaam, baiskeli za Nabico, majembe ya UFI ya Ubungo na ya Zana za Kilimo Mbeya. Nguo zilitoka Urafiki, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kiltex na Sunguratex.

Sekta ya uzalishaji viwandani imezunguka kwenye asilimia 7 hadi 9 ya pato la taifa kwa miaka mingi sasa. Uchumi umekua, majengo yameota, lakini fungu hilo limegoma kupanda. Ndiyo maana malalamiko ya kuagiza hadi vijiti vya kuchokolea meno hayaishi. Vijiti vyenyewe si tatizo kubwa. Kubwa ni kwamba mashine ya kuvichonga, kisu chake na mota yake navyo vinaagizwa.

3. Ushindani wa kiuchumi unahusianaje na sayansi? Si suala la bei tu?

Bei yenyewe inatokana na ujuzi. Viwanda viwili vikinunua mashine ileile siku moja, kimoja kikazima saa kumi kwa mwezi na kingine saa mia, gharama za kila mita ya kitambaa haziwezi kulingana. Mshahara mdogo hauzibi pengo hilo. Ongeza kitambaa kinachotupwa kwa rangi kukosewa na shehena inayorudishwa kwa kukosa cheti cha ubora kinachotambulika nje, utaona fedha zinakopotelea.

## Kilichotokea

4. Viwanda viliangukaje?

Hakuna muuaji mmoja, japo kila kundi lina wake wa kumtaja. Mambo yalifuatana.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na mashirika mengine ya umma iliongoza ujenzi wa viwanda. Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa 1968. Mwaka 1975 ukaanza Mkakati wa Viwanda vya Msingi wa miaka 20, uliolenga chuma, makaa ya mawe, kemikali, nguo, viatu na vifaa vya ujenzi. Kwa maandishi ulikuwa mkakati wenye akili: tuzalishe mahitaji ya watu wetu kwa malighafi zetu, pamoja na zana za kuzalishia.

Mashine, vipuri, rangi za nguo, kemikali na hata mafuta ya kuendeshea vilitoka nje. Vyote vililipiwa kwa fedha za kigeni zilizotoka kwa mkulima wa kahawa, pamba, katani, korosho na chai. Viwanda havikuuza nje vya kutosha kujilipia vipuri vyao. Mkulima akitetereka, kiwanda kinatetereka.

Naye mkulima alitetereka. Ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta kupanda 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ndogo ambazo mkulima alilipwa, vyote viliangukia muongo mmoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi vilitumia chini ya theluthi ya uwezo wao. Wafanyakazi waliripoti zamu na kukuta hakuna pamba, au pamba ipo na umeme hakuna, au vyote vipo na beringi moja haipo.

Kilichoniuma zaidi katika historia hii ni kilichofuata pale vipuri vilipokosekana. Mashine moja ilifunguliwa ili nyingine mbili ziendelee, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mafundi waliokuwa wanajifunza kutunza mtambo wakageuka kuwa wa kuubomoa kwa heshima. Soko lilipofunguliwa kuanzia 1984, na mageuzi ya uchumi ya 1986 yakaleta bidhaa za nje kwa wingi, viwanda viliingia mashindanoni vikiwa vimeshakatwa miguu.

5. Kwa hiyo ujamaa ndio ulioua viwanda?

Ujamaa ndio uliovijenga vingi, na uendeshaji mbovu wa mashirika ya umma ulichangia kuviua. Mambo yote mawili ni kweli na anayetaja moja tu anaficha nusu. Mameneja waliteuliwa kwa sababu zisizohusu uzalishaji, bei zilipangwa na serikali bila kuangalia gharama, na hasara ilifidiwa na benki ya umma mwaka baada ya mwaka.

Lakini kosa lililogharimu zaidi lilihusu mpangilio. Tulijenga viwanda vinavyohitaji vipuri kabla ya kujenga karakana zinazotengeneza vipuri. Zilipokuja, zilikuja chache na kwa kuchelewa: Kilimanjaro Machine Tools kule Hai kwa msaada wa Bulgaria, na Mang'ula, karakana ambayo Wachina waliitumia wakati wa kujenga reli ya TAZARA. Hizi ndizo zingekuwa mama wa viwanda vyote. Ziliachwa yatima kabla hazijazaa.

6. Ubinafsishaji ulisaidia au uliharibu?

Inategemea kiwanda. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma, PSRC, ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikikabili mashirika yapatayo 400. Bia, sigara, saruji na sukari vilifufuka vizuri. Kampuni ya bia, TBL, ilipata mbia kutoka Afrika Kusini 1993, na kiwanda cha sukari cha Kilombero kikabinafsishwa 1998. Bidhaa hizi zina soko la hakika nyumbani, ni nzito au ghali kusafirisha, au zinalindwa na ushuru, na wanunuzi walikuja na mtaji na mafundi.

Nguo, ngozi, zana na uhandisi vilipata bahati mbaya. Wanunuzi wengine walitaka ardhi na majengo. Mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu, mabanda yakawa maghala ya bidhaa zilezile zilizokiua kiwanda. Masharti ya mkataba ya kuendeleza uzalishaji yalikuwepo mara nyingi. Wa kuyasimamia ndiye aliyekosekana. Urafiki iliingia ubia katikati ya miaka ya 1990, China asilimia 51 na Tanzania 49, na hata hivyo haikurudi kwenye enzi yake.

Mali ambayo haikuandikwa kwenye hesabu za kuuza ni watu. Fundi mwenye miaka 15 ya kusikiliza mlio wa mashine na kujua beringi ipi inakaribia kufa alipewa kiinua mgongo akaenda kufungua duka.

7. Je, mitumba ndiyo iliyoua viwanda vya nguo?

Mitumba ilivikuta vimelala na ikahakikisha haviamki. Anguko la uzalishaji lilianza kabla ya mitumba kufurika, kwa sababu za swali la 4. Kosa ni kudhani kwamba kuifukuza kunatosha.

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua kuiondoa hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika, na serikali yao ikatishia kuondoa nafuu ya soko chini ya AGOA, sheria ya Marekani iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza. Rwanda ilishikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyang'anywa nafuu hiyo. Nawaheshimu Wanyarwanda kwa msimamo ule. Hata hivyo ushuru unafungua nafasi tu; nafasi ile ikijazwa na nguo mpya za bei poa kutoka Asia, mshonaji wa Mwanza bado hajapata kazi.

8. Kwa nini Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kinatajwa kila mara?

Kwa sababu wakopeshaji nao wana lao la kujibu. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kikiwa na uwezo wa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikikusudiwa kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kuuza nje, na matumizi ya uwezo wake yalikuwa asilimia chache tu hadi kilipokufa. Ngozi ilikuwepo nchini, lakini ubora wa uchunaji, usanifu wa viatu, uunganishaji na masoko havikuwepo. Jengo lenyewe halikufaa joto la Morogoro. Mtu anayesema Waafrika hawawezi viwanda asome kwanza nani alipitisha michoro ile.

## Sayansi na taasisi zake

9. Tuna taasisi nyingi za utafiti. Mbona hazionekani kazi yake?

Tunazo kweli, na zilianzishwa kwa fikra nzuri. SIDO 1973 kwa viwanda vidogo, TIRDO 1979 kwa utafiti wa viwanda, TEMDO 1980 kwa usanifu wa mitambo, CAMARTEC 1981 kwa zana za kilimo na teknolojia vijijini, kisha COSTECH kwa sheria ya 1986 kuratibu sayansi yote. Kibaha kuna kituo cha jeshi cha Nyumbu, kilichounda lori lenye jina hilo. Mitambo ya biogesi ya CAMARTEC ilinakiliwa nchi nyingine za Afrika. TEMDO inatengeneza vitanda vya hospitali, majokofu ya kuhifadhia maiti na matanuri ya kuteketeza taka za hospitali.

Kazi zao hukwama kati ya kifaa cha mfano na soko. Taasisi ikishatengeneza mashine moja inayofanya kazi, fedha ya mradi inaisha. Kutengeneza mia kunahitaji mtaji wa mwekezaji, na mwekezaji anataka mteja wa uhakika. Mteja mkubwa kuliko wote nchini ni serikali, kupitia halmashauri, hospitali, shule na majeshi. Zabuni ikiandikwa kwa namna ambayo mwenye uzoefu wa miaka kumi na mauzo ya mabilioni ndiye pekee anayefuzu, basi TEMDO au karakana ya Gerezani, Dar es Salaam, imeshatolewa kabla ya bahasha kufunguliwa. Tafiti kubaki makabatini si uvivu wa watafiti. Ni mnunuzi kukosekana.

10. Kuna mfano wowote ambapo sayansi yetu ilibadilisha uchumi?

Ipo, na inasikitisha kwamba haifundishwi kila shule.

Kwanza korosho. Mavuno ya 1973/74 yalifika tani 145,000. Kufikia 1986/87 yalikuwa tani 16,500 tu. Kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa kuliwaacha wakulima mbali na mikorosho yao, bei iliwavunja moyo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukakausha maua. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wakishirikiana na wenzao wa nje, waliuchunguza ugonjwa, wakaonyesha namna na wakati wa kupuliza salfa, kisha wakazalisha mbegu bora. Biashara ilipofunguliwa na bei kupanda, mkulima alikuwa na dawa na mche mkononi. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 310,000.

Ubanguaji ndio uliobaki nyuma. Viwanda vikubwa vya ubanguaji vilivyojengwa miaka ya 1970 kwa mitambo ya Italia na Japani vilikuwa na uwezo wa zaidi ya tani 100,000, vikakamilika wakati mavuno yanaporomoka. Mavuno yaliporudi, viwanda vilikuwa vimekufa, na sehemu kubwa ya korosho inapakiwa Mtwara ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Vietnam iliwekeza katika kuunda mashine zake yenyewe za kubangua. Sisi tuliwekeza katika kuuza kwa mnada. Mwaka 2018 serikali ilipotuma jeshi kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, tuligundua upya kwamba korosho isiyobanguliwa inamngojea mnunuzi wa nje hata ukiikusanya yote ghalani.

Pili katani. Mlingano, Tanga, ndiko ulikozaliwa mkonge chotara namba 11648, wenye majani mengi mno kwa mmea mmoja. Leo ndio mkonge mkuu wa mashamba ya China. Mbegu ni yetu, na hata hivyo uzalishaji wetu ulishuka kutoka tani zaidi ya 200,000 miaka ya 1960 hadi sehemu ya kumi ya hapo, nyuzi za plastiki zilipoteka soko la kamba na sisi tukachelewa kutafuta matumizi mengine. Mwaka 2008 pale Hale ulianza mtambo wa kufua umeme kwa biogesi ya mabaki ya mkonge. Asilimia zaidi ya 90 ya jani ilikuwa ikitupwa.

Tatu vyandarua. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza 2003 kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu kwa teknolojia ya Sumitomo ya Japani, na kikaajiri maelfu. Mteja wa uhakika alikuwepo, yaani miradi ya malaria. Wataalamu wa mbu walikuwa nchini humuhumu, kwenye taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, hapohapo Arusha, na kwenye taasisi ya afya ya Ifakara, Morogoro. Kiwanda, maabara na mnunuzi vilikutana, na kazi ikaenda.

11. Asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti: imefikia wapi?

Viongozi wa Afrika waliahidi asilimia hiyo zamani, na Umoja wa Afrika ukairudia Khartoum na Addis Ababa miaka ya 2000. Nchi nyingi, yetu ikiwemo, zipo chini yake. Korea Kusini inatumia karibu asilimia 5.

Tahadhari moja. Fedha nyingi za utafiti nchini hutoka kwa wafadhili, na mfadhili huuliza maswali yake. Ndiyo sababu tuna wataalamu bingwa wa malaria na UKIMWI, jambo la kujivunia, ila ni vigumu kumpata mtafiti wa metali aliyebobea. Hakuna mfadhili anayeamka asubuhi akiwaza kalibu za kumiminia chuma za mafundi wa Keko, Dar es Salaam.

12. Tatizo ni wahandisi wachache?

Wahandisi tunao. Kitivo cha uhandisi Mlimani kilianza 1973 na vyuo vingine vimefuata. Pengo lipo kwa mafundi sanifu, walio kati ya mhandisi na karakana, na mafundi mchundo, wanaofanya kazi yenyewe kwa mikono. Kila mhandisi anahitaji kundi la mafundi sanifu nyuma yake, na kila fundi sanifu kundi la mafundi mchundo. Piramidi yetu imesimama kwa kichwa.

Tulichangia wenyewe. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kilichotoa mafundi sanifu wa cheti cha FTC waliosifika nchi nzima, kikawa DIT 1997. Chuo cha Ufundi Mbeya hatimaye kikawa chuo kikuu, MUST, 2012. Shahada ni nzuri, ila hakuna aliyepewa kazi ya kujaza nafasi ya FTC kwa ubora uleule. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga na Bwiru zilikaa miaka mingi na mashine zilizofunikwa turubai. Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ulioanza sekondari 2024 ni hatua sahihi. Utafanikiwa iwapo kila shule itapata mwalimu aliyewahi kufanya kazi kiwandani, na chuma cha kukereza kila wiki. Wanafunzi 60 wakizunguka mashine moja wanatazama tu.

## Kulinganisha na wengine

13. Kenya wametuzidi?

Kwa wingi wa viwanda na mauzo kwa majirani, ndiyo. Lakini nao wanaugua. Sehemu ya viwanda katika pato lao imeshuka hadi chini ya asilimia 8, wakati Ajenda Kuu Nne, mpango wa serikali yao, ililenga 15 ifikapo 2022. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama 2009. Kiwanda cha nguo cha Rivatex cha Eldoret kilifilisika, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007, na ikafunguliwa upya 2019 kwa mitambo ya mkopo wa India. Gari la Nyayo Pioneer, lililoagizwa na Rais Moi 1986 na kuzinduliwa 1990, halikuingia sokoni.

Hadithi ya Nyayo huchekwa sana na mimi siioni hivyo. Karakana iliyoachwa na mradi ule, Numerical Machining Complex, ilibaki kuwa miongoni mwa sehemu chache Afrika Mashariki zenye uwezo mkubwa wa kukereza na kusubu. Gari lilikufa, uwezo ukabaki. Kamukunji, Nairobi, nako, mafundi wa jua kali, wanaofanya kazi nje ya viwanda rasmi, wanatengeneza masufuria, matoroli na masanduku ya bati ambayo hayajashindwa na ya China kirahisi. Watu hawa na wenzao wa Gerezani ndio wahandisi wa umma, na hakuna sera inayowahesabu hivyo.

14. China na Korea zilikuwa maskini kama sisi. Walifanya nini tofauti?

Walianza na zana. Korea ilianzisha taasisi yake ya sayansi na teknolojia, KIST, 1966, ikarudisha wanasayansi waliokuwa ng'ambo kwa mishahara mikubwa, na kuipa kazi ya kutatua matatizo ya viwanda. Chuma cha POSCO, kiwanda chao kikubwa cha chuma, kilianza kumiminika 1973. Kampuni zililindwa sokoni nyumbani, lakini ulinzi ulikuwa na bei: usipouza nje kwa kiwango ulichopangiwa, mkopo wa serikali unakatika.

Hilo la mwisho ndilo tuliloacha. Tulilinda bila kudai. General Tyre ilikuwa na soko la nchi nzima na bado ilisimama 2009.

Wachina waliotujengea Urafiki nao walikuwa maskini wakati ule. Tofauti ni kwamba kwao walikuwa na viwanda vinavyotengeneza mashine za kufuma, na waliendelea kuviboresha hadi dunia nzima ikawa mteja.

## Maswali ya pembeni na magumu

15. Umeme wa Bwawa la Nyerere si umemaliza tatizo?

Umeondoa kisingizio kikubwa. Mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115 ilikamilika 2025, katika nchi ambayo Kidatu yenye megawati 204 ilikuwa nguzo kwa miongo. Kilichobaki ni njia za kusafirisha na kusambaza. Kiwanda hakidhuriwi na giza peke yake. Kukatika kwa sekunde mbili kunaharibu kitambaa kilicho kwenye mashine na kuunguza kadi za kudhibiti mota.

16. Liganga na Mchuchuma itatuokoa lini?

Chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma wilayani Ludewa vimetajwa tangu kabla ya uhuru. Mkataba wa 2011 kati ya NDC, yenye asilimia 20, na kampuni ya Sichuan Hongda, yenye 80, ulikwama kwenye mabishano ya vivutio vya uwekezaji. Madini yale yana titani na vanadi ndani yake, hivyo kuyeyusha kwake kunahitaji teknolojia maalumu, na ndiyo sababu thamani yake halisi ni kubwa na ugumu wake ni mkubwa. Wakati tunasubiri, chuma chakavu kinayeyushwa nchini kila siku kuwa nondo. Kuboresha viwanda hivyo viweze kutoa chuma cha gia na shafti hakuhitaji kusubiri Ludewa.

17. Wabunifu wa mitaani wanaounda helikopta na magari, kwa nini hawasaidiwi?

Tangu 2019 yapo mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, na wengine wameendelezwa. Ila kijana anayeunda helikopta bila hesabu za mizigo na uchovu wa chuma anahatarisha maisha yake. Msaada bora kwake ni nafasi ya kujifunza karakana yenye vipimo, kuliko hundi ya kupigia picha. Anayebuni mashine ya kupura alizeti au kukata majani ya ng'ombe hapigwi picha, na ndiye anayebadilisha kijiji.

18. Dunia iko kwenye akili mnemba na roboti. Kuzungumzia gia si kupitwa na wakati?

Roboti imejaa gia, beringi na mota. Programu inaweza kukueleza beringi itakufa lini, lakini lazima awepo wa kuibadilisha na iwepo ya kubadilishia. Kuna eneo ambalo tayari tuko mbele: mamlaka yetu ya dawa, wakati ule TFDA na sasa TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018. Udhibiti wa aina hiyo ndio unaomfanya mwekezaji wa dawa aamini kwamba kidonge cha Tanzania kitakubalika nje. Hata hivyo dawa nyingi tunazomeza bado zinaagizwa.

19. Kiwanda kilichofungwa miaka 20 kinaweza kufufuliwa?

Jengo, njia ya umeme, kisima na eneo lenye kibali vinaweza kuokoa fedha nyingi. Mitambo mara chache. Mashine ya kufuma ya miaka ya 1970 inatumia watu na umeme mwingi kwa kila mita, na aliyeiunda kaacha kutoa vipuri. Anayeahidi kuwasha mitambo ileile aulizwe hesabu ya gharama kwa kila kipande, akilinganisha na bei ya Kariakoo leo.

Kabla vyuma havijapakiwa kwenye lori la chakavu, kuna kazi ya wiki chache inayofaa kufanywa na chuo chochote cha ufundi kilicho karibu: kukusanya michoro na vitabu vya mitambo, kupima na kuchora sehemu ambazo michoro yake imepotea, kuchagua mashine za kukereza na mashinikizo zinazoweza kwenda karakana za shule, na kuwaita wastaafu waliokuwa kitengo cha matengenezo waeleze kila mtambo ulikuwa na tabia gani. Wengi wao sasa wamepita miaka 70.